Mlango wa Watu wa Juu

Siku shangazi yangu aliposhuka mlimani akimlilia baba yangu, baba yangu alikuwa shambani akipanda mahindi, mzima wa afya, jasho likimtoka. Siku hiyo haijanitoka kichwani mpaka leo, ingawa mengine mengi yamekwisha kunitoka, pamoja na mahali nilipoweka miwani yangu asubuhi hii.

Kaa hapa, mwanangu. Kaa karibu, wala usijifanye unapanga samaki, maana hao wamekauka tangu jana. Weka simu hapo kwenye mkeka, tutaihitaji kabla jua halijazama. Sikukuita nikugombeze. Kama ni kugombeza ningeanza na chumvi ya mboga yako, halafu tungekaa hapa mpaka wiki ijayo.

Jana ulimtumia shangazi yako Godeliva ujumbe wa sauti. Ulimwambia, yeye aliyebaki Kilwa yetu ya ng'ambo ya ziwa, si ile ya pwani, kwamba mimi baba yake nina hali mbaya, sitambui tena watu, aje upesi. Leo mchana amejibu, na nimemsikia, kwa sababu masikio yangu bado hayajafuata njia ya macho. Kesho alfajiri anapanda boti kuja huku Nchelenge, mtoto mchanga mgongoni, katika mwezi huu wa nane ambao upepo wa ziwa Mweru hauna adabu hata kidogo. Na mimi ndiye huyu, nimekula ugali wa muhogo mara mbili tangu kulipopambazuka. Nilipokuuliza, ulinijibu huku umeinamisha kichwa, ukiniita babu kwa lugha ya kwetu:

"Kambo, si we njo ulisema unatamani kumuona?"

Nilisema, ndiyo. Hilo nitalirudia. Lakini kwanza nikueleze habari za mlango mmoja, na nilivyoufunga.

Wewe umezaliwa vita vikitusukuma huku na huku, ukakulia Mantapala katika mashamba ya wakimbizi, na sasa unanunua samaki hapa ufukweni kama mtu aliyezaliwa ndani ya mtumbwi. Kwako kuvua ni nyavu, ni taa, ni boti za kisiwa cha Chisenga zinazoingia zimejaa. Mimi si mtu wa maji mapana. Watu husema, mzee huyu anapenda ziwa, maana kila asubuhi anakwenda kukaa juu ya ule mtumbwi uliopinduliwa na kutazama maji. Mimi sitazami maji, mwanangu. Natazama ng'ambo yake. Hewa ikiwa safi, unaona kule mbali mstari mwembamba wa bluu. Ile ni milima ya Kundelungu, na nyuma ya mstari ule kuna kijito kinaitwa Kalonga, na hakuna siku inayopita nisikitamani.

Maji yake yalikuwa baridi mpaka meno yanauma. Asubuhi ukungu ulishuka ukakaa juu ya mawe, ukawa unasikia kijito bila kukiona, na pumzi yako inatoka nyeupe mdomoni. Kilianzia juu kabisa, kwenye ziwa dogo ambalo ungeweza kulizunguka kwa miguu kabla ugali haujaiva. Kando ya ziwa hilo kulikuwa na kijiji kidogo, na huko ndiko alikoolewa Kalunga, dada yake baba yangu, yule shangazi ninayekuambia. Sisi tulikaa chini, mwendo wa kutoka asubuhi mpaka jua kupita utosini, kwa njia inayopanda na kuteleza. Chakula kilikuwa haba, na mbu hawakuwepo. Ah, mahali pale! Hata harufu ya matete yaliyolowa naitamani.

Tulivua kwa uzio. Tulisimamisha fito kukata kijito kutoka ukingo huu hadi ule, tukasuka matete katikati yake, na penye nafasi tukaweka migono, ile mitego ya kusukwa ambayo samaki akishaingia mdomoni hapati njia ya kurudi. Mvua za kwanza zikianza kunyesha, samaki hupanda kwenda kutaga. Kambale, na wale wadogo wenye ubavu wa fedha, wanaruka hata kwenye maporomoko mafupi. Uzio wetu uliwapata wengi. Lakini karibu na ukingo wa kushoto tuliacha pengo la upana wa mtu anayepita kiubavu, na hapo hapakuwekwa mgono. Pengo hilo tuliliita mlango wa watu wa juu. Samaki waliopita pale walipanda mpaka kwenye uzio wa kina shangazi, pale kijito kinapotoka ziwani.

Mlango ule ulifungwa kwa jambo moja tu. Mtu akifa kwetu, migono yote ilitolewa majini, maana wenye msiba hawavui, na pengo likazibwa kwa matawi mabichi. Watu wa juu wakikuta mgono wao mtupu asubuhi ya kwanza, walinyamaza. Wakiukuta mtupu asubuhi ya pili, walijua. Hawakungoja mjumbe. Walisaga unga, wakafunga kuni, wakashuka wakilia. Wao wakifiwa ilikuwa rahisi zaidi, walitupa majani ya mgomba majini nasi tukayaona yakipita. Maji yanateremka yenyewe, lakini habari ya kupanda mlima ilihitaji samaki.

Haya yote niliyajua. Usije ukafikiri sikujua.

Mwaka huo nilikuwa natafuta mke. Kulikuwa na msichana wa kijiji cha pili, na watu wa kwao walikuwa wametuma neno kwamba watapita kututazama. Nikataka waone mwanamume. Nikataka wakute samaki waliokaushwa mpaka juu ya paa, wakarudi wakisimulia. Baba alikuwa amehamia shambani siku chache kupanda, analala kibandani, na kijitoni hapakuwa na mtu wa kuniuliza kitu. Jioni moja nikachukua mgono mkubwa kuliko yote, nikautia mlangoni, nikaziba pande zote mbili kwa matete. Nikajiambia ni siku mbili tu. Watu wa juu wana ziwa zima, watakosa nini?

Asubuhi ule mgono ulikuwa mzito hata nikashindwa kuutoa peke yangu. Na asubuhi ya pili vilevile. Niliimba, mwanangu, niliimba peke yangu kijitoni.

Siku ya tatu, mchana, nimepiga magoti nikipasua samaki, nikasikia kilio. Kilitoka juu, kikazama kwenye kona za njia, kikatokea tena karibu zaidi. Nilidhani watu wa juu wamefiwa. Nikaacha kisu nikasimama, nikaanza kusikitika kama mtu mwema. Ndipo nikasikia jina analoliita.

"Kabwe! Kabwe ndugu yangu weee! Uliniacha na nani?"

Kabwe ni baba yangu.

Wakatokea kwenye matete, watu kama kumi na wanne, wamelowa mvua. Wanawake walikuwa na vikapu vya unga vichwani vilivyofunikwa kwa majani, wanaume na kuni begani. Mbele yao shangazi Kalunga, kitambaa cha kichwani amekifunga kiunoni, magoti yana damu kwa kuanguka njiani. Hakuwa msichana wakati huo. Alinipita kama sipo, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyumba ya kaka yake, akajitupa chini.

Baba alikisikia kilio kutoka shambani. Alikuja mbio na jembe lake, na kwa sababu alikuwa mtu mwenye moyo laini alianza kulia kabla hajauliza.

"Nani alikufa? Nani?" akawa anauliza huku analia.

"Kabwe njo alikufa," akajibu mama mmoja bila kuinua uso.

"Kabwe gani?"

Yule mama akainua uso, akapiga yowe, na kikapu chake kikaenda chini. Leo naweza kulicheka hilo. Shangazi aligeuka. Alimtazama kaka yake muda mrefu, akasimama, akamshika mashavu kwa mikono yake yenye unga na matope, akawa anamgusa pua, masikio, shingo, kama mtu anayenunua kitu na haamini macho yake. Halafu akatazama kijito, akauona uzio, akaniona mimi na kisu na samaki wangu wote wale.

"Mulango njo nani alifunga?"

"Miye, shangazi."

Niliona baba anainua mkono, na shangazi akaushika hewani. Ningependa angemwacha anipige. Alikaa kwenye jiwe karibu yangu, akawa anahema, na aliposema, alisema polepole.

"Mutoto ya ndugu yangu, unawaza kule juu tulikuwa na njala ya samaki? Tuko na ziwa. Lakini kila asubuhi nikikuta samaki moja mu mugono, hata kadogo, najua Kabwe iko, alilamuka muzima. Ile njo salamu yake. Siku mbili hizi, we ulikula salamu ya ndugu yangu."

Nikasema sitarudia. Nililia pia, lakini machozi ya kijana aliyeaibika hayana uzito mkubwa.

"Najua hautarudia," akasema. "Lakini miye, siku mulango itafungwa tena, nitawaza weye."

Kwa desturi yetu unga ulioletwa msibani haurudishwi nyumbani. Basi ukapikwa. Watu wakala ugali wa msiba wa mtu ambaye alikuwa ameketi kati yao akila pamoja nao, na kitoweo kilikuwa samaki wangu, wote, hakuna aliyebaki hata wa kunusia. Wakati wa kuondoka nilikwenda majini mbele ya macho yao nikautoa ule mgono, nikafungua mlango. Nilidhani mambo yamekwisha hapo.

Utaniuliza habari za yule msichana. Watu wa kwao walikuja wakakuta paa tupu. Msichana akasema kwao samaki wapo wa kutosha, hakuwa anatafuta samaki. Ndiye bibi yako, Mungu amrehemu. Unaona basi kwamba niliufunga mlango bure kabisa.

Baba alikuwa na kikohozi cha zamani. Mvua hizo hizo, zilipokaribia kwisha, kikamwangusha. Siku tatu alilala, na ya nne akaanza kumtaja dada yake. "Kalunga anafika?" anauliza. Tukamwambia anakuja. Tulidhani atapona, na kesho yake tungekwenda kumwita kwa utulivu. Hakungoja kesho.

Tukatoa migono yote. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nilikata matawi mabichi nikaziba mlango wa watu wa juu. Halafu tukangoja, kama desturi. Asubuhi ya kwanza ikapita, na ya pili ikapita. Nilikuwa nasimama njiani natega sikio, nasikia maji tu. Siku ya tatu mwili haukuweza kungoja zaidi, tukamzika bila dada yake. Kaburi likiwa bado bichi, nikapanda mlima peke yangu.

Nilimkuta shangazi anasuka mgono mpya, miguu imetiwa ziwani. Aliponiona alicheka. Ulikuwa utani wa shangazi na mtoto wa kaka yake, utani wa kumsamehe mtu.

"Eeh, bwana-arusi! Leo unatuletea samaki, ao ungali unafunga mulango?"

Nilikaa chini kwenye tope palepale. Naye akaacha kucheka kidogo kidogo, kwanza mdomo, halafu macho. Aliweka mgono chini. Aliuliza swali moja tu, kama tumekwisha kumzika, nikaitikia kwa kichwa. Akageukia maji. Kisha akasema:

"Siku mbili nilicheka. Kila asubuhi nakuta mugono bure, nacheka, naambia batu, angalieni ile mutoto na bakwe yake. Ndugu yangu iko analala inje mu majani, na miye ninacheka."

Hakunilaumu tena mpaka alipokufa, na hilo halikunisaidia kitu. Kila mvua nilisafisha ule mlango kabla ya kugusa mgono wowote. Nilimpelekea salamu miaka mingi, samaki baada ya samaki. Lakini ile moja aliyoingoja sana, ya kumwambia ndugu yako anakufa, njoo umshike mkono, hiyo niliifuja mwenyewe. Wakati wa kuitumia ulipofika haikuwa na nguvu tena.

Sasa nirudi kwako, na nirudi kwangu pia, maana sitaki ufikiri nimekaa juu na wewe umekaa chini.

Leo mchana nilipomsikia Godeliva kwenye simu, alikuwa analia. "Papa angoje," alisema. "Kesho na asubui napanda boti. Mumwambie angoje." Mwanangu, nilifurahi. Nakuambia kweli, nilifurahi kama mtoto. Miaka yote hii tangu tukimbie sijamwona mtoto wangu, na yule mjukuu mchanga sijui hata uso wake ukoje. Nikajiambia, nyamaza tu mzee, lala kwenye mkeka, ukohoe kidogo akifika. Atakuwa amefika, nani atahesabu uongo? Nililala kweli. Nilijaribu hata kukohoa. Ndipo nikasikia maji ya ziwa yanapiga mitumbwi pale nje, nikamwona shangazi Kalunga anashuka mlimani na magoti yake yanatoka damu.

Nikaamka, nikakuita.

Kosa lako lina mizizi kwangu. Ulinisikia nikisema kila asubuhi laiti Godeliva angekuja, lakini hukunisikia hata mara moja nikimwambia yeye. Akipiga simu namuuliza bei ya muhogo. Akiniuliza hali nasema nzuri, nakurudishia simu. Aibu za wanaume wazee. Wewe ukaona njia ya kumleta ni kumtisha, kwa sababu mimi sikukupa njia nyingine.

Basi sikia ninachokuachia. Usimwite mtu kwa msiba ambao haupo, hata kwa mapenzi, hata kama unajua atafurahi akifika. Ukimtamani mtu, mwambie unamtamani, kisha umwachie nafasi ya kuja au kutokuja. Akikataa utaumia, lakini neno lako litakuwa bado zima. Neno la kifo lihifadhi, kwa maana siku moja utalihitaji, na siku hiyo hutakuwa na lingine.

Na jambo la pili, ambalo shangazi Kalunga alilijua na mimi nimechelewa kulijua. Watu wanaotupenda hawahitaji habari kubwa kutoka kwetu. Wanahitaji kitu kidogo, kila siku, kinachosema fulani ameamka. Kuanzia kesho, kila asubuhi kabla hujashuka kwa wavuvi, utanishikia hiyo simu nimtumie Godeliva sauti yangu. Hata kama ni kusema upepo umekuwa mkali, au umezidisha chumvi tena. Siku asipoisikia, asubuhi ya kwanza atanyamaza. Asubuhi ya pili atapanda boti bila kumuuliza mtu yeyote, na hatakuwa amechelewa kwa sababu yangu wala yako.

Mungu akujalie, mwanangu, watu wa kukungoja kila asubuhi, na akujalie usiwapotezee usingizi bure. Akufungulie njia kila uendako, na nyuma yako uache njia ya wengine kupita. Na siku utakayoita kwa haki, aitwaye asikie, aamini, afike ukiwa bado unaweza kumshika mkono.

Haya, chukua simu. Mwambie wewe kwanza, kwa mdomo wako, kwamba ulidanganya. Ukimaliza nipe mimi. Nitamwambia nimekula mara mbili, sina homa, asipande boti kesho na mtoto katika upepo huu. Halafu nitamwambia namtamani. Sijawahi kulisema neno hilo kwa simu, kwa hiyo nikinyamaza katikati usikate, ningoje.